Karata Isiyo na Ndege Wetu

Juu ya Kilakala, kwenye misitu ya Uluguru, anaishi ndege asiyepatikana kwingine duniani: kichwa cheusi, mgongo wa kijani, kifua cha njano. Sayansi ilimpa jina mwaka 1927, Malaconotus alius. Watoto wangapi wa mjini Morogoro wanamjua?

Mwaka 2002, Andrew Balmford wa Cambridge na wenzake waliwaonyesha watoto wa Uingereza kadi za viumbe halisi na za Pokémon. Wa miaka 8 walitambua karibu asilimia 80 ya Pokémon. Kwa viumbe halisi, walizidi nusu kidogo tu. Kumbe tatizo si kichwa kizito. Mtoto hukariri kile anachokichezea.

Mwaka 2010, David Ng wa Vancouver akaanzisha karata za Phylo. Kila kiumbe kina chakula chake na makazi yake. Huwezi kumshusha mla nyama mezani kabla ya kuwepo anayeliwa. Ikija karata ya moto, mnyororo unakatika. Hapo mwanafunzi anaiona ikolojia bila kukaririshwa.

Baadaye Balmford alishiriki utafiti kuhusu faida za Milima ya Tao la Mashariki, Uluguru ikiwemo. Kwangu mimi, duara lingefungwa hapa kwetu. Vijiweni kila mtu anamjua mzungu wa kopa. Tumchoreeni na ndege wetu karata yake, na chini yake tuweke msitu. Ukiuondoa, humpotezi yeye tu. Unagusa na Mto Ruvu, maji ya Dar es Salaam. Turufu ni msitu.