Uso, Kitenge na Jiwe Jeusi: Picha ya Tangazo la Mavazi mjini Goma

Aghalabu hudhaniwa kwamba kuhariri picha kulianza na kompyuta. Dhana hiyo inapotosha. Katika studio za zamani mpiga picha alikwaruza negativu kwa kisu chembamba na kuziba mabaka kwa penseli. Na kabla ya hapo alikwisha kuamua mtu asimame wapi na avae nini. Makala haya yanaitazama picha ya tangazo la mavazi mjini Goma, Kivu ya Kaskazini, kwa kuuliza: ni nani aliyeamua nini kibaki na nini kiondolewe?

Kwa karibu miaka ishirini mwamuzi mmojawapo alikuwa dola. Baada ya nchi kuitwa Zaire mnamo Oktoba 1971, siasa ya Mobutu ya kurejea asili iliwavua wanaume suti na tai, ikawavisha abakosti. Wanawake walikatazwa suruali na sketi fupi, na kitenge kikawa vazi la heshima mbele ya kamera kama mbele ya watu. (Abakosti yenyewe, kwa vazi lililodaiwa kuwa la asili, ilifanana mno na koti la Mao.) Masharti hayo yalilegezwa kwa hotuba ya tarehe 24 Aprili 1990.

Mwamuzi wa pili hakuonekana, nayo ni filamu ya rangi. Kodak ilisambaza kwa maabara za picha kadi ya kusawazishia rangi yenye sura ya mwanamke mweupe, iliyojulikana kwa jina la Shirley. Kwa kipimo hicho ngozi nyeusi ilitoka kama kivuli, macho na meno tu yakibainika. Yasemekana kuwa malalamiko yaliyochangia kuboreshwa kwa filamu yalitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani, ambao bidhaa zao za kahawia hazikupambanuka vema pichani. Mbao zilisikilizwa kabla ya watu.

Mjini Goma kuna mwamuzi wa tatu, naye ni jiwe. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu, na jiwe lake jeusi limejengewa kuta nyingi. Sasa, kamera hupima mwanga kana kwamba kila kilicho mbele yake kina wastani wa kijivu. Ikielekezwa kwa mwanamitindo mweusi aliyesimama penye ukuta wa lava, hudhani pana giza, huingiza mwanga kupita kiasi, na uso hutoka umepauka kabla mhariri hajagusa chochote. Mpiga picha mjuzi hupima mwanga usoni penyewe. Tena hupanga kazi yake asubuhi mapema, kwa kuwa karibu na Ikweta jua la adhuhuri hushuka wima na kutia vivuli machoni. Na upande wenye kivuli husimamisha kitambaa cheupe ili kirudishe mwanga.

Wapo wanaopenda kulifuta jiwe hilo na kuweka mandhari nyingine. Tusiwalaumu upesi: picha nyingi za Goma zinazozagaa duniani ni za vita, na mji ulitekwa na M23 Novemba 2012 na tena Januari 2025. Hata hivyo, kitenge chenye rangi kali hung'aa zaidi mbele ya weusi ule.

Ugumu hasa uko kwenye ngozi. Anayeung'arisha uso kwa kuongeza mwanga katika picha nzima hukichujusha na kitenge, na mwenye duka hatakubali, maana mteja atadai rangi aliyoiona. Basi mhariri huuzungushia uso mstari, akaung'arisha peke yake. Nguo ina mtetezi.

Kabla ya kuchapa, kipande cha kitenge huwekwa kando ya karatasi ya majaribio ili rangi zilinganishwe. Mwanamitindo, wakati huo, aghalabu amekwisha kwenda zake.