Sombe, makala na mipaka ya mashamba: walimu wa jikoni na walinzi wa ardhi Kisangani

Sombe haiivi haraka. Majani ya muhogo yana sumu. Lazima yatwangwe kinuni, kisha yachemke muda mrefu mpaka sumu itoke. Kila mama wa Kisangani anajua hilo bila kwenda darasani. Anajua pia kwamba muda huo wote mbabula inakula makala, na makala hayo yametoka kwenye mti uliosimama katika ardhi ya watu fulani, mbali na mji. Lakini tangu enzi za Wabelgiji, waliokuja kufundisha mapishi hapa na waliokuja kutunza ardhi walikaa kama nyumba mbili zisizosalimiana.

Tuanze na jikoni. Mji ulipokuwa bado unaitwa Stanleyville, serikali ya koloni ilifungua foye za wanawake katika miji mikubwa. Foye hizo zilienea hasa baada ya Vita Kuu ya Pili. Wasimamizi walikuwa wanawake wa Kibelgiji, wakisaidiwa na wakufunzi Wakongomani. Masomo yalikuwa kupika, kushona, kupiga pasi na kulea mtoto. Wanafunzi wengi walikuwa wake za makarani na wafanyakazi wa mjini. Walimu walitembelea hata nyumbani kuangalia usafi, na mashindano ya nyumba bora yalifanyika. Mengi waliyopata huko yalikuwa na faida: mshono uliingiza fedha, usafi uliokoa watoto. Ila mwanamke alifundishwa kama mke wa mtu wa mjini. Shamba lilibaki nje ya mlango, ingawa mama zake na dada zake vijijini ndio waliopanda, wakapalilia na kuvuna karibu chakula chote kilichofika sokoni.

Nyumba ya pili ilikuwa Yangambi, kilomita kama 100 ukiteremka mto. INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo ya koloni, iliundwa 1933, na Yangambi ikawa makao yake makubwa. Mkusanyo wa mimea iliyokaushwa uliobaki pale una vielelezo kama 150,000. Miongoni mwa wakubwa wake alikuwa Floribert Jurion, ambaye pamoja na mwenzake Jean Henry alichapisha 1967 kitabu kikubwa juu ya safari ya kilimo cha kuhamahama kuelekea kilimo kilichoimarishwa.

Wataalamu hao waliona jambo ambalo wakubwa wengi wa koloni hawakutaka kuliona: mkulima wa msituni hakuwa mharibifu. Alikata, alilima miaka michache, kisha aliuachia msitu ujirudishe. Wakachukua desturi hiyo na kuinyoosha kwa kamba. Karibu na Yangambi, kwa Waturumbu, mashamba yalipimwa kwa vipande virefu kama njia, kipande cha shamba kikipakana na kipande cha msitu, ili miti iliyobaki iotesha tena ardhi iliyopumzika. Kwa upande wa udongo, lilikuwa wazo zuri. Kwa upande wa watu, ni habari nyingine. Tangu 1917 kulikuwa na sheria ya kilimo cha lazima, hadi siku 60 kwa mwaka, na mkulima aliyepangiwa kipande hakuchagua mwenyewe wapi alime wala nini apande. Jina lililoandikwa kwenye orodha lilikuwa la mwanamume. Mikono shambani ilikuwa zaidi ya mwanamke.

Mwaka 1976 Yangambi iliingizwa na UNESCO katika hifadhi za dunia za viumbe hai. Kisha vikaja vita. Mto ulipofungwa kwa biashara ya Kinshasa, na majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana ndani ya Kisangani mwezi wa Juni 2000, mji uliishi kwa baiskeli. Toleka zilibeba watu, muhogo, ndizi na makala. Lituma haikukosa mezani kwa sababu ya pedali hizo na kwa sababu ya mashamba ya pembezoni.

Aliyeunganisha chungu na mti kwa maneno ya wazi alitoka Kenya. Wangari Maathai alianzisha harakati ya Green Belt 1977 baada ya kusikia wanawake wa vijijini wakilalamika kwamba hawana kuni, maji safi wala chakula cha kutosha. Aliona kwamba kuni zikiisha, mama huacha kupika chakula kinachohitaji moto mrefu, na mtoto hudhoofika. Mwaka 2005 aliteuliwa kuwa balozi wa nia njema wa misitu ya bonde la Kongo, yaani msitu wetu huu. Hesabu yake mpishi wa sombe anaielewa upesi kuliko mhandisi.

Sheria ilikuja nyuma polepole. Sheria ya ardhi ya 1973 iliweka ardhi yote mikononi mwa Serikali, na ikaahidi kwamba ardhi za kimila zingepangwa kwa agizo la rais. Agizo hilo halikutoka, na familia nyingi zimelima maisha yao yote bila karatasi. Sheria ya misitu ya 2002 ilifungua mlango kidogo, na dekreti ya tarehe 2 Agosti 2014 ikaeleza namna kijiji kinavyoweza kuomba msitu wake: hadi hekta 50,000, bure, bila kikomo cha muda. Tshopo ni miongoni mwa majimbo ambako hati hizo zimetolewa, hasa upande wa Bafwasende. Kuomba kunahitaji ramani, na ramani inahitaji majirani wakae pamoja na kutaja mito, vilima na makaburi.

Hapo ndipo pagumu kwa familia zilizokimbia. Tangu 2023, ugomvi wa ardhi kati ya Wambole na Walengola, ulioanzia ng'ambo ya mto huko Lubunga, umewaondoa maelfu ya watu vijijini. Wengi walivuka na kufikia mashuleni, makanisani na kwa ndugu mjini. Mama aliyekuwa akichuma sombe nyuma ya nyumba sasa anainunua kwa fungu, na makala kwa kopo. Anajua mpaka wa shamba lake ulipo, mti kwa mti. Jirani aliyeujua pamoja naye amekimbilia upande mwingine.