Watafiti Walipochungulia Chungu cha Mama

Kama uko jikoni, endelea na kazi yako, lakini tega sikio.

Leo hatutaanza na ugonjwa. Tutaanza na hadithi ya chakula chetu, kwa sababu asiyejua alikotoka hupotea hata akiwa nyumbani. Hebu nikuulize: mgeni akiingia ghafla akakuta umepika terere au managu, je, huwa unaona haya? Wengi wetu tumelelewa tukidhani mboga za kienyeji ni chakula cha aliyekosa. Tuone kama ni kweli.

Zamani, kabla ya walowezi kuja, akina mama wa Kikuyu walipanda mawele, mtama, wimbi, viazi vitamu, nduma, kunde na njahi. Aliyejifungua alipewa njahi na uji wa mawele ili apate nguvu na maziwa. Kisha, mwanzoni mwa karne ya 20, ardhi nyingi ilichukuliwa. Kuanzia Ruiru, Juja hadi Thika yakaenea mashamba makubwa ya kahawa na mkonge. Kibarua wa shambani alipewa posho, yaani unga wa mahindi. Polepole mahindi meupe yakasukuma mawele na mtama pembeni.

Katika miaka ya 1920, serikali ya kikoloni ilitaka kujua kwa nini afya ya watu haikuwa nzuri. Daktari John Gilks, aliyekuwa mkuu wa huduma za afya Kenya, alishirikiana na John Boyd Orr, mtaalamu wa lishe kutoka Scotland. Utafiti wao uliwalinganisha Wakikuyu, waliokula zaidi nafaka, viazi na maharagwe, na Wamaasai, waliokula nyama, maziwa na damu. Ripoti ilitolewa mwaka 1931. Ilisema kwamba Wamaasai walikuwa warefu na wazito zaidi, na kwamba chakula cha Wakikuyu kilipungukiwa na madini kama kalsiamu.

Lakini sikiliza hapa, mama. Ndani ya ripoti hiyo kulikuwa na jambo jingine. Wanawake wa Kikuyu hawakuwa na upungufu sawa na wa wanaume wao. Kwa nini? Kwa sababu wanawake walikula majani ya mboga kwa wingi, na wanaume waliyaona kuwa chakula cha wanawake. Majani yale yalikuwa na kalsiamu nyingi. Katika nyumba moja, chungu kimoja, mke alikuwa amejikinga na mume hakujua.

Jambo la kusikitisha ni kwamba sehemu hiyo haikupewa uzito. Watu walikumbuka nyama na maziwa ya Wamaasai, wakasahau majani ya mama. Watafiti walikuwa wamepima miili ya watu na chakula chao, lakini mwanamke aliyeyajua majani yale hakuketi nao kama mwalimu. Miaka ikapita. Kabichi na sukuma wiki zikajaa sokoni. Managu, terere, saga na thabai zikaitwa magugu, na shambani zikang'olewa na kutupwa. Mbegu zikabaki kwa akina cucu wachache.

Katika miaka ya 1990 wakaja watafiti wa aina nyingine, na hawa ni wa kwetu. Patrick Maundu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya alizunguka vijijini akiuliza majina ya mimea inayoliwa, inavyopikwa na mahali inapoota. Mwaka 1999 yeye na wenzake walitoa kitabu kuhusu mimea ya vyakula vya asili vya Kenya. Ilionekana kwamba mimea ambayo majani yake huliwa kama mboga nchini ni zaidi ya 200. Sisi sokoni tunanunua mingapi?

Mwingine ni Profesa Mary Abukutsa-Onyango. Alipokuwa mtoto, mwili wake ulikataa maziwa, mayai na samaki, kwa hiyo alikuzwa kwa mboga za kienyeji. Alipokwenda kusomea kilimo, akakuta mboga zilizomlea zinaitwa magugu. Akaamua kuzitafiti. Alianzia magharibi mwa Kenya, akikusanya mbegu na kujifunza kwa wakulima wenyewe. Baadaye alifundisha katika Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, pale Juja, jirani zetu kabisa. Mwaka 2010 Umoja wa Afrika ulimtuza kwa kazi yake ya sayansi.

Watafiti hawa walianza kwa kuuliza, ndipo wakaenda kupima. Maabara ikathibitisha alichojua cucu: mboga hizi zina madini ya chuma, kalsiamu na vitamini A kuliko kabichi. Miaka ya 2000 managu na terere ziliingia hata katika maduka makubwa ya Nairobi, na wakulima wa pembezoni mwa jiji wakapata soko. Mwaka 2021 UNESCO iliitambua kazi ya Kenya ya kulinda vyakula vya asili kuwa mfano mwema kwa dunia.

Sasa turudi hapa Murera. Mashamba yanakatwa ploti, na wengi wetu tumepanga chumba kimoja. Hata hivyo, terere au managu huota vizuri kwenye gunia la udongo na mbolea mlangoni. Acha mashina machache yazae mbegu, uzikaushe na uzihifadhi. Usinyweshe kwa maji ya mtaro wala ya mto unaopokea uchafu wa viwanda.

Osha majani kabla ya kukata. Yapike muda mfupi, usimwage supu yake, na weka mafuta kidogo ili mwili upate vitamini A. Nyanya au ndimu husaidia mwili kuchukua madini ya chuma. Mtoto akitimiza miezi 6, endelea kumnyonyesha, na umwanzishie chakula laini kilichopondwa pamoja na majani haya. Lakini mboga peke yake haitoshi. Mwongezee njahi, maharagwe, yai au maziwa, kadiri unavyoweza.

Na baba je? Mpakulie pia. Kosa la miaka ya 1920 tusilirudie mezani kwetu.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Wiki hii, mtafute mama mzee mmoja karibu nawe, umwulize alilishwa mboga gani utotoni, na umwombe mbegu. Huo nao ni utafiti, na unaweza kuufanya wewe.