Mtaro ukiziba, nani wa kuuzibua?

MSIMU wa masika unapobisha hodi kati ya Machi na Mei, wakazi wengi wa miji ya Kenya huanza kuitazama mitaro kwa jicho la wasiwasi. Mtaro uliokuwa mkavu tangu Januari, ukajaa mchanga, maganda, chupa za plastiki na vitambaa, hufurika kwa mvua ya saa moja tu. Maji hurudi nyuma, yakaingia katika ploti, na aghalabu huchanganyika na yale ya vyoo kabla ya kufika vyumbani.

Hasara yake si ndogo. Mafuriko ya masika ya mwaka wa 2024 yaliua zaidi ya watu 200 nchini na kuwaacha maelfu ya wengine bila makao. Ingawa mito iliyovunja kingo ndiyo iliyotajwa zaidi, si mafuriko yote hutoka mtoni. Mengine huanzia kwenye mtaro ulio mbele ya lango, ambao kila mtu huuona na hakuna anayeushughulikia.

Maji yakishatuama, kinachofuata mara nyingi ni mabishano. Mpangaji humnyoshea mwenye nyumba kidole, mwenye nyumba akailaumu kaunti, nayo kaunti ikaielekeza lawama kwa kampuni ya maji. Ili kuyakata mabishano hayo, mambo mawili yanahitajika: kutambua aina ya mtaro ulioziba, na kujua mahali hasa palipoziba.

Aina ya mtaro

Mitaro ya nje huwa ya aina mbili kuu. Ya kwanza ni ya maji ya mvua. Hii kwa kawaida huwa wazi, hupita kando ya barabara au ukutani mwa nyumba, na humwaga maji yake mtoni au baharini bila kuyasafisha. Ya pili ni ya majitaka, yaani maji ya vyooni, bafuni na jikoni. Hii hupita katika mabomba yaliyozikwa, yenye vishimo vya ukaguzi vilivyofunikwa kwa vifuniko vya zege au chuma, hadi kwenye bomba kuu la mtaa au kwenye tangi lililochimbwa katika ploti. Katika mji wa Mombasa, kwa mfano, sehemu kubwa ya nyumba hutegemea matangi na mashimo badala ya bomba kuu.

Mifumo hii miwili haipaswi kuchanganywa. Mwenye nyumba anayeelekeza maji ya paa katika bomba la majitaka hulilemea wakati wa mvua, na vifuniko hufumuka barabarani. Naye anayeelekeza maji ya choo katika mtaro wa mvua huwapelekea majirani maradhi na kuutia mto sumu.

Mahali palipoziba hutambuliwa kwa urahisi. Iwapo ni sinki moja tu inayochelewa kupitisha maji, kizuizi kimo ndani ya nyumba. Iwapo vyoo na bafu zote za ploti zimekwama, kifunuliwe kishimo cha mwisho kilicho karibu na ua. Kikiwa kitupu, kizuizi kiko kati yake na nyumba. Kikiwa kimejaa, kizuizi kiko mbele, kuelekea bomba kuu. Nyumba kadhaa za mtaa zikipatwa na tatizo hilo kwa wakati mmoja, basi bomba kuu ndilo lenye hitilafu. Kwa ploti yenye tangi, ni vyema kwanza kuhakikisha kwamba tangi lenyewe halijajaa kabla ya kulaumu bomba.

Ndani ya ua

Kwa jumla, mtaro ulio ndani ya ua wa ploti ni wajibu wa mwenye ploti na wanaoitumia. Sheria ya Ardhi ya mwaka wa 2012, katika kifungu cha 65, inamtwika mwenye nyumba aliyekodisha sehemu tu ya jengo jukumu la kutunza paa, kuta za nje, mitaro mikuu na sehemu zinazotumiwa na wapangaji wote. Hivyo basi, katika ploti ya vyumba 12 vinavyotumia mtaro mmoja, mwenye nyumba hawezi kumwambia mpangaji wa chumba kimoja agharimie ukarabati wa mtaro huo.

Mpangaji naye hana kinga ya uzembe wake. Anayetupa nepi, pedi, vitambaa au mafuta ya kupikia ndani ya bomba anaweza kutakiwa kulipia hasara aliyosababisha. Aidha, si busara mpangaji kumlipa fundi kisha akakata fedha hizo kwenye kodi bila makubaliano ya maandishi, kwani anaweza kujikuta akidaiwa malimbikizo. Katika majengo ambayo kila nyumba ina hatimiliki yake chini ya Sheria ya mwaka wa 2020 ya Umiliki wa Sehemu za Majengo, shirika la wamiliki ndilo linalosimamia mabomba na mitaro ya pamoja, kwa fedha zinazochangwa na wamiliki wote.

Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, ndiyo yenye makali zaidi. Mtaro ulio mchafu au wenye kasoro kiasi cha kuhatarisha afya huhesabiwa kuwa kero inayokatazwa. Afisa wa afya anaweza kumpa ilani aliyesababisha kero hiyo, au asipopatikana, mkazi au mwenye jengo, akimtaka aiondoe katika muda uliowekwa. Kasoro ikiwa ni ya ujenzi, au nyumba ikiwa haina mtu, ilani humwendea mwenye jengo. Anayeipuuza hufikishwa mahakamani. Sheria hiyo pia inaeleza kwamba ikiwa msababishaji hapatikani, na ni wazi kuwa mwenye jengo au mkazi hana kosa, maafisa wenyewe ndio watakaoiondoa kero hiyo.

Nje ya ua

Katiba ya mwaka wa 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi serikali za kaunti usimamizi wa mifumo ya maji ya mvua mijini, uondoaji wa takataka, barabara za kaunti na huduma za maji na usafi. Kwa hivyo mtaro wa mvua kando ya barabara ya mtaa ni wa kaunti. Barabara ikiwa chini ya mamlaka ya kitaifa, mitaro yake na kalvati zake hutunzwa na mamlaka hiyo: KeNHA kwa barabara kuu, KURA kwa zile za mijini, na KeRRA kwa zile za mashambani. Mamlaka hizo tatu ziliundwa chini ya Sheria ya Barabara ya mwaka wa 2007.

Bomba kuu la majitaka, kwa upande mwingine, husimamiwa na kampuni ya maji iliyopewa leseni katika eneo hilo chini ya Sheria ya Maji ya mwaka wa 2016. Jijini Nairobi ni Kampuni ya Maji na Majitaka ya Nairobi, na Kisumu ni KIWASCO. Kipande cha bomba kinachounganisha ploti na bomba kuu ndicho huzua utata zaidi. Ni vyema mteja ausome mkataba wake na kampuni au kuiuliza kwa maandishi wajibu wake unakomea wapi.

Vibanda, ngazi za maduka na vijia vya magari vilivyojengwa juu ya mtaro wa umma ni chanzo kingine cha ugomvi. Mtaro wa umma haugeuki mali ya mtu kwa sababu tu unapita mbele ya duka lake. Anayetaka kivuko juu yake huhitaji idhini, na akijenga bila hiyo, mamlaka husika inaweza kumwamuru akibomoe.

Jinsi ya kuzibua

Mtaro wa wazi ulio katika ploti unaweza kuzibuliwa na wakazi wenyewe. Vinavyohitajika ni beleshi, jembe, reki, wilbaro, gambuti, glavu nzito na kitu cha kufunika pua na mdomo. Aliye na kidonda mguuni au mkononi asijihusishe, kwa kuwa mkojo wa panya uliochanganyika na maji machafu huweza kuingiza viini vya ugonjwa mwilini.

Kazi huanzia upande wa chini, yaani kule maji yanakoelekea. Anayeanzia juu huachilia maji yaliyotuama yamfuate, na tope alilolitoa humrudia. Takataka kubwa zitolewe kwanza kwa reki, kisha mchanga na tope kwa beleshi, hadi sakafu ya mtaro ionekane. Baada ya hapo ndoo kadhaa za maji zimiminwe upande wa juu. Yakituama mahali fulani, ama pamesalia tope au mwinamo wa mtaro umeharibika, na hapo fundi ahitajika.

Kosa linalorudiwa kila mwaka ni kulirundika tope ukingoni mwa mtaro. Mvua ya kwanza hulirudisha lote ndani. Tope hilo lapaswa kuachwa likauke kwa siku chache tu mahali palipo mbali na watoto, kisha liondolewe. Vilevile si halali kulisukuma hadi kwa jirani wa chini.

Bomba lililozikwa huzibuliwa kwa fito zinazounganishwa, ambazo mafundi wa mabomba huwa nazo. Fito huingizwa kupitia kishimo kilicho kitupu kuelekea kilichojaa, huku zikizungushwa upande wa kulia pekee. Zikizungushwa kushoto, viungo hufunguka na kipande husalia bombani. Fundi asimame kando, kwani kizuizi kikiachia maji hutoka kwa kasi. Bomba linaloziba kila baada ya wiki chache huenda limepasuka, limebonyea au limeingiliwa na mizizi ya miti, na dawa yake ni kulichimbua na kulibadilisha.

Kemikali za kuzibulia zitumiwe kwa uangalifu. Magadi makali ya kuzibulia mabomba huchoma ngozi na macho, na dawa ya madoa yenye klorini ikichanganywa na asidi hutoa gesi yenye sumu.

Zaidi ya yote, mtu yeyote asiingie katika kishimo cha majitaka au tangi, hata kama ni kwa dakika moja. Humo hukusanyika gesi ya haidrojeni salfaidi, yenye harufu ya yai viza. Ikizidi, gesi hiyo huua uwezo wa kunusa, mtu akadhani hatari imepita, kisha akazirai. Mara nyingi anayejitosa kumwokoa mwenzake huangamia pia. Kazi hiyo ni ya watu wenye vifaa vya kupumulia na kamba za uokoaji, na tangi lililojaa ni la lori la kunyonya majitaka.

Mamlaka zisipoitika

Mkazi anayetaka kusikizwa aanze kwa kuweka kumbukumbu: picha za mtaro, tarehe, jina la barabara na idadi ya nyumba zilizoathirika. Malalamishi kuhusu bomba kuu yapelekwe kwa kampuni ya maji na nambari ya malalamishi ihifadhiwe. Yale ya mtaro wa mvua yapelekwe kwa ofisi ya kaunti ndogo au ya wadi, na yale ya afya kwa afisa wa afya ya umma. Barua iliyotiwa saini na wakazi wengi, na nakala yake ikapigwa muhuri wa kupokelewa, huwa na uzito kuliko simu kumi.

Kampuni ya maji ikinyamaza, mkazi anaweza kwenda kwa bodi inayodhibiti huduma za maji, WASREB. Majitaka yakimwagika mtoni au katika mazingira, NEMA ina uwezo wa kuchukua hatua. Ofisi ya umma inayopuuza wajibu wake inaweza kushtakiwa kwa Tume ya Haki ya Utawala, maarufu kama Ofisi ya Ombudsman. Hatimaye kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi, kwa kuwa Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, nacho cha 43 haki ya viwango vinavyofaa vya usafi.

Kinga ni bora

Kuzibua mara moja hakutoshi. Mafuta ya kupikia yaliyotumika yaachwe yagande kisha yatupwe pamoja na takataka, kwani yakimwagwa kwenye sinki huganda ndani ya bomba. Kichujio cha waya mdomoni mwa bomba la nje huzuia mabaki ya chakula. Mitaro ya wazi ikaguliwe mwezi Februari kabla ya masika, na Septemba kabla ya vuli. Marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza Agosti 28, 2017 ilipunguza takataka za aina moja tu. Chupa na vitambaa vingali vinatupwa mitaroni.

Gharama ya kupuuza hulipwa kwa afya. Maji machafu yakiingia katika mabomba ya maji ya kunywa yaliyopasuka huleta kipindupindu na homa ya matumbo. Mbu aina ya Culex, ambao huzaana katika maji machafu yaliyotuama, ni miongoni mwa wanaoeneza matende katika Pwani ya Kenya. Mtoto anayecheza kando ya mtaro huo haulizi kama ni wa kaunti, wa kampuni au wa mwenye nyumba.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mtaro, agizo ni kinyume: usipozibua leo, mvua ya kesho itajitafutia njia yenyewe, na njia hiyo huenda ikapitia mlangoni mwako.