Seva za mtumba majumbani

Seva za mtumba ni kompyuta za ofisi na vituo vya data ambazo, zikishastaafishwa, huuzwa kwa bei ya chee. Baadhi ya wanunuzi huziwasha usiku na mchana nyumbani ili kusaidia hesabu za kisayansi. Programu kama BOINC, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, hupakua kipande cha kazi, hukikokotoa, kisha hurudisha jibu. Mradi uliovuma kuliko yote, SETI@home, ulianza 1999 ukisaka ishara za redio za viumbe wenye akili nje ya Dunia, ukaacha kugawa kazi Machi 2020. Mradi mwingine, Rosetta@home, huchunguza maumbo ya protini.

Kwa mfano, seva ya Dell PowerEdge R720 ya 2012 hubeba prosesa mbili za Xeon na ina nafasi 24 za kumbukumbu. Kuinunua ni rahisi. Kuilisha ndiyo shughuli. Seva inayokula wati 300 mfululizo humaliza uniti 7.2 za umeme kwa siku, na karibu zote huishia kuwa joto chumbani. Feni nazo huvuma hata wengi huihamishia stoo. Kwa umeme uleule, prosesa mpya hukokotoa mengi zaidi.