Seva Yako, Ufunguo wa Nani? Historia ya Unix kwa Macho ya Mtoto wa Musonoi



Leo tuongee historia ya kitu ambacho tunakitumia kila siku bila kukiona: mfumo endeshi wa seva. Mfumo endeshi njo ile programu ya kwanza inayoamka mashine ikiwashwa, na programu zingine zote zinakaa juu yake. Seva njo ile mashine inayobeba kazi ya wote: mishahara, stoki ya vipuri, hesabu za malori, pointi za wanafunzi.

Hiyo njo kazi yangu hapa Kolwezi. Kampuni au shule ikitaka seva, swali ninaloulizwa karibu kila mara ni hili: "Ipi inakwenda mbio, na bei gani?" Ni swali zuri, lakini kwangu linakuja nyuma. La kwanza ni hili: siku mwenye nayo akibadilisha nia, sisi tutabaki na nini mkononi?

Sisi watu wa Musonoi swali hili tunalijua, hata kama hatujawahi kugusa kompyuta. Tarehe 1 Januari 1967 serikali ya Mobutu ilichukua mali ya Union Minière du Haut-Katanga, ikazaliwa Gécomin, ambayo baadaye iliitwa Gécamines. Kwa karatasi, migodi yetu ikawa ya Wakongomani. Lakini mwezi wa pili wa mwaka ule ule ulitiwa sahihi mkataba na Société Générale des Minerais, kampuni ya Ubelgiji ya ukoo mmoja na Union Minière. Yenyewe njo ilete mafundi, isimamie ufundi, iuze shaba, na ilipwe asilimia yake. Kwa nini? Sababu Lovanium ilifunguliwa mwaka 1954 tu, na chuo kikuu cha Elisabethville mwaka 1956. Mainjinia Wakongomani walihesabika kwa vidole. Karatasi za mgodi zilikuwa Kinshasa, lakini ujuzi na wanunuzi walikuwa kwingine.

Mushike mfano huo, sasa tuingie kwenye Unix.

Unix ilianza mwaka 1969 katika Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu ya AT&T kule Marekani. Ken Thompson na Dennis Ritchie njo wanajulikana zaidi. Mwaka 1973 waliiandika upya kwa lugha ya C, ambayo Ritchie aliitunga. Kabla ya hapo mifumo mingi iliandikwa kwa lugha ya mashine moja tu: ukibadilisha mashine, unaandika upya toka mwanzo. Kwa C, Unix iliweza kuhama toka mashine moja kwenda ingine.

AT&T haikuweza kuiuza kama bidhaa ya kawaida. Kwa hukumu ya mwaka 1956, serikali ya Marekani iliikataza kuingia biashara nje ya simu. Kwa hiyo iliwapa vyuo vikuu leseni ya bei ndogo pamoja na msimbo chanzo, ni kusema maandishi yenyewe ya programu, ambayo fundi anaweza kuyasoma na kuyabadilisha. Chuo cha Berkeley, California, kilichukua na kuongeza mambo mengi: njo ile BSD. Kule Australia, mwalimu John Lions aliandika, katika mwaka 1976 na 1977, maelezo ya msimbo wa Unix kwa wanafunzi wake, msitari kwa msitari.

Halafu mwenye mali akabadilisha nia. Leseni ya toleo la saba, mwaka 1979, ilikataza kufundisha msimbo huo darasani. Kitabu cha Lions kikawa cha kupitishana mkono kwa mkono, fotokopi ya fotokopi. Sisi tuliosoma kwa silabusi zilizofutika maandishi tunaelewa vizuri. Kilichapishwa rasmi mwaka 1996 tu. Mwaka 1984 AT&T ilivunjwa vipande, ikapata ruhusa ya kuuza kompyuta na programu, na bei ya leseni ikapanda. Mwaka 1992 kampuni yake ya Unix ilipeleka watu wa BSD kortini. Kesi iliisha mwaka 1994: kati ya faili karibu 18,000, ni 3 tu zilizoondolewa. Lakini miaka miwili ilikuwa imepita, na wateja walikuwa wameogopa.

Muone hapo tofauti kubwa. Vyuo vikuu vilikuwa na msimbo kwa hisani ya mwenye nao, havikuwa nao kwa haki. Ukipita katika shamba la jirani kwa sababu ni mtu mwema, siku akijenga lupango hauna la kusema.

Makatazo yale yalizaa kitu. Mwalimu Andrew Tanenbaum, kule Amsterdam, hakuweza tena kufundisha kwa msimbo wa Unix, kwa hiyo aliandika mfumo wake mdogo, MINIX, mwaka 1987. Mwanafunzi mmoja wa Helsinki, Linus Torvalds, aliununua, akausoma, na mwaka 1991 alianza Linux. Mwaka uliofuata aliiweka chini ya leseni ya GNU: kila mtu ana haki ya kusoma, kubadilisha na kugawa, na akigawa lazima atoe pia msimbo. Kwa sheria Linux haibebi jina la ukoo wa Unix, lakini tabia zake ni za ukoo ule ule.

Sasa turudi kwenye kazi yetu. Ukipewa mifumo mitatu au mine ya kuchagua, utaipima namna gani? Mimi ninauliza maswali mane.

La kwanza: mwenyewe akiondoka, nani ataendelea? Sun Microsystems ilifungua msimbo wa Solaris mwaka 2005. Mwaka 2010 Oracle ilinunua Sun, na mwaka ule ule ikafunga mlango. Lakini msimbo uliokuwa tayari nje haukuweza kurudishwa ndani, na mafundi walianzisha illumos toka humo. Vilevile CentOS, Linux ya bure iliyokuwa kwenye seva mingi sana duniani. Toleo la 8 lilitoka mwaka 2019 na watu walitegemea lifike 2029. Desemba 2020 Red Hat ilitangaza kwamba litaisha mwisho wa 2021. Shida ilikuwa kubwa, lakini leseni iliruhusu wengine waendelee: Rocky Linux na AlmaLinux zilitoka mwaka 2021.

La pili: inakaa juu ya mashine gani? AIX ya IBM inafuata mashine za IBM. HP-UX ilifungwa na chipu ya Itanium. Intel ilipeleka chipu za mwisho za Itanium mwaka 2021, na msaada wa kawaida wa HP-UX ukapangiwa kuisha tarehe 31 Desemba 2025. Programu ilikuwa nzima bado, lakini chini yake hakuna tena mashine mupya.

La tatu: umeme ukikatika, data zinabaki? Hapa kwetu delestaji si jambo la ajabu. Mfumo wa faili kama ZFS, uliotoka Sun na sasa uko pia kwenye FreeBSD, hauandiki juu ya data ya zamani: unaandika pembeni kwanza, halafu ndio unahama. Pia unahesabu alama ya kila kipande, ili kikiharibika kijulikane. Kabla ya kuweka data za kweli, chomoa waya kazi ikiendelea, washa tena, na angalia ulichopoteza. Muuzaji asiyekubali jaribio hilo amekwisha kukujibu.

La ine: hapa Kolwezi, saa nane ya usiku, nani anaweza kuitengeneza?

Hapa njo ninapotofautiana na wenzangu wengi. Wao wanasema: "Tuchukue ya bure, msimbo uko wazi, tumekuwa huru." Bandugu, hapana. Mwaka 1967 tulikuwa na mgodi kwa haki kabisa, lakini kwa kuendesha ilibidi kuita wale wale. Msimbo wazi bila mtu wa kuusoma ni mgodi bila injinia. Kampuni inayolipia AIX inanunua zaidi mtu wa kupokea simu, na kwa kazi ambayo haiwezi kusimama hata saa moja, inaweza kuwa haki kabisa kumlipa. Lakini ikichukua Linux ya bure, halafu kila shida inaita fundi wa mbali kwa dola, inalipa pia, tena bila mkataba.

Kwa hiyo jibu langu, kwa kampuni na shule nyingi za hapa, ni mfumo wenye msimbo wazi kwa haki, unaokaa juu ya mashine za kawaida, na bei ya leseni iliyobaki iende kufundisha watu wawili au watatu wa hapa hapa. Wawili, si mmoja, sababu mmoja ataitwa Lubumbashi au Johannesburg na ataondoka na ufunguo mfukoni. Bajeti ikikata mafunzo ili kununua mashine kubwa zaidi, tumerudi 1967.

Na kwenu wanafunzi: msingoje kampuni. Kompyuta nzee inatosha. Weka Debian au FreeBSD, zote ni za jumuiya toka mwaka 1993. Ivunje kwa makusudi, itengeneze, andika ulichofanya kwa lugha ambayo mwenzako ataelewa. Anayetafuta somo la TFC au memwari, hili ni moja: chukua seva ya taasisi moja ya hapa, ipime kwa maswali yale mane, na uonyeshe kwa hesabu nani ana ufunguo wake.