Bridgeport: ngazi nne, kasi nane

Wadau, sisi wa programu tumezoea kuandika namba na mota inatii. Hebu tutazame mashine ya kuchonga vyuma ya Bridgeport, iliyozaliwa Connecticut, Marekani, mwaka wa 1938.

Kichwa chake cha aina ya J, kilichokuja baadaye, kina puli ya ngazi nne. Ukihamisha mshipi ngazi kwa ngazi unapata mizunguko 660, 1115, 1750 na 2720 kwa dakika. Ukiingiza gia ya kupunguza, kila kasi hugawanywa kwa nane na kitu: 80, 135, 210, 325. Wenco moja tu, na chaguo zimekuwa maradufu! Napenda sana ubahili wa namna hii.

Tarakilishi ilikuwa kichwa cha fundi. Chuma laini hukatwa kwa mita kama 30 kwa dakika. Kikataji kikiwa na kipenyo cha milimita 12, gawanya 30,000 kwa 12 mara 3.14: karibu 796. Ngazi hiyo haipo. Fundi hushukia 660, kwa maana 1115 ingeunguza makali.

Kichwa cha 2J kilileta gurudumu la kubadilisha kasi bila ngazi, ila ulizungushe mota ikiwa inakwenda tu.